Ng'ombe wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Mhariri kaandika pembeni kwa wino mwekundu:
"Ng'ombe huyu amechoka."
Mwaka wa tisa huu nachora vitabu vya shule
katika chumba cha uani, Sinza,
na ng'ombe wangu wote wanatazama kushoto,
wote wana madoa matatu,
wote wanatabasamu kama watu wa kalenda ya benki.
Nikafuta. Nikachora. Akarudi yule yule.
Penseli ikawa mwiko ndani ya sufuria tupu:
kelele nyingi, ugali hakuna.

Ijumaa jioni Kokusima akapiga simu.
Hakusalimia. Alisema, "Chukua mswaki."

Tukavuka Magogoni kwa pantoni, watu wanne na gunia la mkaa.
Hemedi kakumbatia feni, eti Kimbiji kuna joto,
kumbe nyumba ya shangazi yake imekatika umeme
tangu Luku ilipoisha mwezi wa Ramadhani,
na anayejua namba ya mita yuko Maskati.
Feni ikakaa kwenye kona siku mbili
kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji.

Jumamosi hatukufanya kitu.
Nalisema wazi, maana watu huuliza: mlitembelea wapi, mlijifunza nini?
Tusajigwe aliunguza maharage, akasema ndivyo yanavyopikwa kwao.
Tulibishana saa nzima kama kenge ana masikio.
Hemedi alilala mchana, akakoroma kupanda na kushuka,
tukamfunika shuka hadi kidevuni,
tukamsomea wasifu wa marehemu, madeni yake yote,
na tulipofika kwenye dua
akaitikia "Amina" bila kufumbua macho.
Nilicheka mpaka mbavu zikadai fidia.
Mkononi sikuwa na penseli,
na mkono haukuuliza iko wapi.

Usiku ikanyesha. Bati likapiga makelele yake
hata maneno yakawa hayana kazi,
kisha mvua ikapungua, na Kokusima,
anayeshona magauni ya maharusi pale Mwenge,
akasema gizani, kama anayeongea na neti:
"Mwezi wa tatu sasa, kila gauni nalikata kama sanda."
Hakuna aliyemjibu.
Hakuna aliyesema jipe moyo, pumzika, Mungu yupo.
Tusajigwe alisogeza mguu wake
ukagusa wa Kokusima,
ukabaki hapo.
Nililala nikiwa nasikia pumzi nne,
nikashindwa kujua ipi ni yangu.

Alfajiri nikatoka na kopo la maji kuelekea chooni,
na uani palikuwa na ng'ombe.
Ng'ombe hasa, wa mtu, kamba imemkatikia shingoni,
sikio limechanika kama tiketi iliyokwisha kukaguliwa,
nyonga zimechongoka, mkia mzito kwa tope,
na anatafuna, bila haraka ya dunia hii,
shati la Hemedi lililosahauliwa kambani.
Akanitazama.
Si kushoto. Mimi.
Wala hakutabasamu, angetabasamu kwa lipi?
Mvuke ukamtoka puani, ukapotea.
Nikaziona kope zake. Ndefu, jamani, kama za bi harusi!
Miaka tisa nimemchora
na sikuwahi kumpa hata ukope mmoja.
Kopo likaniponyoka. Sikumfukuza.
Shati la rafiki yangu likaingia tumboni kola kwanza,
na mimi nimesimama, miguu imelowa,
nahesabu.

Jumatatu, Sinza. Jirani anagonga misumari, maji yamekatika.
Ukurasa wa kumi na nne: sikio limechanika,
kope zimejaa, na kwenye mdomo
mkono wa shati unaning'inia, kifungo kimoja kimebaki.
Kokusima kanitumia picha ya gauni:
mgongoni kaweka mkunjo kama bati la Kimbiji, haelezi.
Hemedi yeye anadai shati.

Mhariri kapiga simu adhuhuri.
"Watoto watauliza huyu anakula nini."
Nikamwambia, waache waulize.