Kitufe cha Ghorofa ya Sita

Miaka kumi na mmoja pampu hii haikulala.
Hata Krismasi, jengo tupu, wote wameenda mashambani,
ilipandisha maji ya moto ghorofa ya saba
na kuyarudisha,
ghorofa ya saba na kuyarudisha,
kama mtumishi aliyeshika birika mlangoni
akimngoja mgeni ambaye hakuahidi kuja.

Mimi ni mlinzi wa jengo na fundi wa jengo,
mshahara mmoja, funguo arubaini na nne.
Kitanda changu kimepakana na boila.
Niliuzoea ule mngurumo hata nikaota nao:
mke wangu akisema nami, pampu ikimkatiza.

Kuta zilikuwa na uvuguvugu. Wapangaji walijisifu:
Kileleshwa nzima inatetemeka Julai hii,
sisi hata ngazi zetu zina joto.
Paka wa Nasieku alilala ghorofa ya tatu,
mgongo ukutani, pale bomba linapopita.
Hakuna aliyeuliza joto hilo ni la nani.
Lilikuwa la bili. Lilikuwa stima iliyokwisha kulipiwa,
ikivuja taratibu kwenye plasta
kwenda kumpasha paka.

Akaja Jeruto, injinia, buti zake kubwa kuliko zangu.
Akaweka kiganja ukutani
kama mtu anayepima paji la mtoto.
"Jengo hili lina homa."
Akayavisha mabomba sufi,
akafunga kihisi kwenye bomba la marejeo,
kila nyumba akaipa kitufe kando ya bafu,
cheupe, kadiri ya kifungo cha koti.
"Ukitaka maji ya moto, yaite. Hesabu hadi hamsini.
Yakifika, pampu itajizima."

Wiki ya kwanza nilitukanwa kwa lugha sita.
Kisilu wa ghorofa ya tano alisema
halipi kodi ili ayabembeleze maji.
Wengine walikibonyeza mara nane, kama cha lifti.
Kisha bili ikaja. Mama Wairegi, mwenye jengo,
akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena:
theluthi nzima haipo.
Paka naye alihama. Siku hizi hulala juu ya friji.

Mimi nilichopata ni usiku.
Sikujua usiku wa jengo hili una sauti gani.
Kimya, jii, halafu saa kumi kasorobo
pampu inakohoa: huyo Achola, anawahi tanuri la mikate.
Saa kumi na moja, mapacha wa ghorofa ya pili na shule yao.
Saa mbili asubuhi, Nasieku, zamu ya wodi imekwisha.
Pampu ya zamani ilisema mfululizo isiniambie neno.

Na saa tisa, kila usiku, ghorofa ya sita.
Pampu inaamka, inasukuma, inatulia.
Maji hayafunguliwi. Mita haisogei.

Ghorofa ya sita anaishi Bwana Thuku,
peke yake tangu Machi.
Marehemu alikuwa akiamka saa tisa
kuyawahi malori ya viazi Marikiti.
Wakati ule maji yalikuwa tayari daima;
mume aligeuka upande wa pili, akalala.
Hakuwa na la kumfanyia.
Sasa kitufe kipo.

Jana Mama Wairegi alinipigia simu,
kumbukumbu za mashine mkononi:
"Dakika moja na nusu, kila usiku, na maji hayatumiki.
Ni nani huyo?"
Nikaegemea ukuta. Ulikuwa baridi.
"Ni mimi, mama. Naipima pampu."
"Kila usiku?"
"Pampu ikikaa sana bila kuitwa," nikamwambia,
"husahau njia."