Vitunguu Kilo Tatu

Mimi ndiye niliyekuwa nikiosha chupa za maabara,
shule ya upili huko Winnipeg, ghorofa ya chini,
mahali mabomba ya joto huanza kukohoa Oktoba.
Kemia msiniulize.
Niulizeni vitunguu.

Bi Luningning alifika na sweta mbili, kazivaa zote,
cheti chake cha Iloilo kimegongwa mihuri mitatu
na watu wasioamini kwamba asidi ya kwao nayo huunguza.
Herufi F ilimshinda. Alisema "pizikia",
darasa likacheka hadi viti vikalia.
Akacheka nao. Kisha akaandika P ubaoni, kubwa:
"Hii ni presha. Tuanze na niliyo nayo."

Sunneva alikaa kando ya dirisha asiloliona.
Miaka miwili aliandika rangi za kuambiwa:
mwenzake akisema, "Imekuwa waridi,"
naye hutoboa nukta zake, waridi,
kama jina la mji ambao hajafika.

Jumatatu moja, nje theluji imefika magotini,
nikatumwa sokoni. Vitunguu, kilo tatu.
Mkuu wa shule akauliza ni mchuzi gani.
Tulikata wawili, Bi na mimi, machozi yanatuchuruzika,
maji yake tukayatia katika asidi iliyozimuliwa.

"Koki ni yako," alimwambia Sunneva. "Tone, tone.
Pua ndiyo kipimo. Harufu ikitoroka, funga."

Meza nyingine zilikuwa na kabichi nyekundu na kelele:
ni zambarau, siyo, ni buluu, wee, huoni?
Walipotahamaki imepitiliza, kijani cha bwawa.

Sunneva alipunga mvuke kuelekea puani.
Tone. Akapunga. Tone.
"Kimeondoka."
"Nani?"
"Kitunguu."
Koki alikuwa amekwisha kuifunga.

Desjarlais, ambaye tangu Septemba hakuvua kofia ya koti,
akaja, akainama juu ya chupa, akafumba macho.
Hakusifu.
Aliomba kitunguu chake.

Jioni nilikuta chupa moja haijaguswa,
na karatasi ya mwandiko wa Bi: *Hii usioshe kwanza.*
Nikatazama mlangoni. Hakuna mtu.
Nilizima taa, nikafungua koki.

Matone kumi na saba.
Nilihesabu.