Mstari wa 210

Alfajiri, Tampere. Milango ya tramu haifungi,
theluji inapanda bila nauli.
Tunaiuliza historia ya programu:
mstari huu, nani kauandika?
Pirkka, inajibu.

Pirkka maskini! Alisogeza nafasi mbili tu.
Mfagiaji kashikwa kwa taka za wenye karamu.

Nachimba. Chini yake yupo Aune,
kastaafu, anafuga nyuki Kuopio.
Chini ya Aune, Veikko, marehemu,
na maelezo yake: "Ya muda tu. Nitarudi."

Pembeni, kwa herufi za sisimizi:
amekagua, ameridhia —
mimi.

Siku ile nilikuwa na njaa. Sikusoma.

Nenda kalale, Pirkka.
Leo mstari nauandika mimi,
kwa jina langu lote,
na atakayeuliza
aniamshe.