Kidari Wazi

Mwezi wa saba, Samail. Hata bomba la baridi
linatoa maji ya kuunguza; tunaogea ya ndoo iliyolala ndani.
Kuku wangu sita hujibanza chini ya kiyoyozi
wakigombea tone, tone,
kwenye sufuria kuukuu isiyo mkono.

Kidoti haji.

Kidoti amebaki pembeni na kidari kitupu,
chekundu kama goti la mtoto aliyeanguka.
Manyoya yake yametapakaa vumbini,
mengine yamenasa kwenye waya,
moja nimelikuta juu ya birika la kahawa.

Kwanza nilimshuku jogoo. Nikamfungia peke yake,
akawika siku tatu kama mdai mbele ya kadhi.
Manyoya yakaendelea kudondoka.
Nikashuku utitiri: nikamwinua bawa, nikampuliza,
nikatafuta kwa miwani, nikampaka jivu la mgunga.
Hapana kitu. Ngozi safi, imesimama vipele
kwa baridi ambayo Samail haijaiona.

Jirani yangu Ghaniya akachungulia juu ya ukuta:
"Jicho hilo. Ulimsifu mbele ya nani?"
Mpwa wangu Muhanna, aliyesomea kilimo hadi mwaka wa pili,
akasema chakula, mpe dagaa.
Nikampa dagaa wakavu, wale wanaolishiwa ngamia.
Uwa ukanuka wiki nzima.
Akala, alhamdulillahi. Akanenepa.
Uchi vilevile.

Daktari wa mifugo alinitazama mimi kuliko kuku.
"Hajja, unaishi na nani?"
"Na mjukuu. Mama yake yuko Doha, kazini."
Akaandika dawa ya unga. Sikuinunua.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tulikuwa tukiambiwa,
sisi tuliofika huku na masanduku, tumeshakuwa watu wazima.
Nikamwangalia hata miguu.
Hana kamba.

Usiku wa nne nikakaa na tochi ya simu,
nimeifunika kwa ncha ya leso isimtishe.
Yapata saa nane nikamwona anainamisha shingo,
taratibu, kama mwanamke anayetafuta pini kifuani,
akachomoa nyoya.
Hakulia.
Akaligeuza mdomoni, akalichomeka chini yake,
akajiweka sawa.
Akachomoa jingine.

Nikapenyeza mkono. Chini ya kidari kile,
moto kushinda paji la mwenye homa,
manyoya yamepangwa duara
na katikati yake jiwe, jeupe, la kutoka kwenye falaji,
limelainika kwa maji ya miaka.

Basi mwizi nikamjua.
Kila alfajiri baada ya sala, mkono huuhuu,
bismillahi, na kikapu:
moja la Kidoti, mawili ya wenzake,
la kukaanga, la kukaanga, la keki ya Ijumaa.
Yeye anavua nguo ili yai liguse ngozi,
mimi namwachia upepo.

Na katika joto hili! Yai ungeliweka juu ya bati
jua lingelimaliza lenyewe.
Lakini nani wa kumwambia hivyo?
Mimi, ninayemfunika mjukuu shuka mbili mwezi wa saba,
kwa sababu sauti kwenye simu ilisema, mama, mfunike?

Asubuhi kikapu kilibaki msumarini.
Nilitoa jiwe, nikaweka mayai matatu.
Akanidonoa barabara, damu ikatoka kidogo.
Haki yake.

Nawfal akaja mezani na nywele zimesimama.
"Bibi, mayai?"
"Leo mkate na chai."
"Kuku wamegoma?"
"Mmoja."

Jiwe nimeliweka dirishani.
Hadi adhuhuri lilikuwa bado lina moto,
ila hapo, sijui,
ni wake au ni wa jua.