Haipo

Saa kumi na moja tu, na jua limeshaiaga Punta Arenas.
Upepo unatafuta tundu kwenye bati.
Nimekalia kiti cha marehemu Eleuterio Barrientos,
fundi wa ofisi ya maji,
aliyepima kimo cha mlango-bahari miaka thelathini
akaandika programu yake mwenyewe ya kuvisoma vipimo,
kwa sababu, alisema, ile ya kununua
hudanganya kwa nukta mbili.

Msimbo ninao, wote.
Naandika amri ile fupi, nabonyeza.
Kompaila inasoma mistari mitatu
kisha inaniambia, kama karani wa dirishani,
bila kuinua macho:
haipo.

Maktaba ya mawimbi, haipo.
Nacheka. Maktaba isiyo na rafu wala vumbi,
isiyo na mtu wa kukunyamazisha kwa kidole,
nayo pia huweza kukosekana.

Naiagiza. Inakataa kuja peke yake:
siji, yasema, bila shemeji yangu wa namba changamano,
naye shemeji hatoki bila mama yake,
naye mama ana miiko,
hali chochote kilichopikwa baada ya toleo la nne.
Mashine yangu ina la sita.
Nilialika mgeni mmoja, nimeletewa harusi.
Basi nampikia mama kando, chungu chake peke yake,
na saa inapita.

Oreste Mansilla anaingia na maandazi ya boga,
mafuta yameshaipenya karatasi.
"Si uandike upya? Mwezi mmoja tu."
Sijibu. Kidole kimoja hakivunji chawa,
na mzee huyu hakuwahi kujidai ana zaidi ya kimoja:
juu ya kila faili ameandika nani alimfaa,
mwanamke wa Recife, mwalimu wa Szeged,
mtu wa Osaka asiye na jina ila herufi mbili.

Saa tatu usiku. Haipo.
Lakini ipo! Naiona kwenye diski, nono, imetulia,
ila kompaila inataka kichwa chake,
na walionifungia mzigo walileta kiwiliwili.
Vichwa huwekwa furushi lao, kwa wajenzi tu,
nami sikujua kwamba leo
mimi ni mjenzi.

Saa tano. Haipo.
Hii ya mwisho haimo katika hazina yoyote.
Anwani yake imekufa.
Aliyeitunga aliacha kujibu barua
kabla sijamaliza shule.

Ndipo nakumbuka Eleuterio alivyokuwa hatupi kitu:
misumari iliyopinda, bahasha zenye stempu, betri.
Droo ya chini. Kopo la biskuti.
Ndani, diski iliyofungwa kwa raba,
na kwa mwandiko wake wa wima:
*wakija kuuliza.*

Sijui aliwaza nani.

Nalipa jina la zamani njia ya kufikia mwili mpya,
naishika kompaila mkono: tazama na humu,
na humu, kabla hujasema.
Mistari inashuka.
Inashuka.
Naogopa hata kukohoa.

Programu inaamka, inasoma kimo
cha usiku mmoja wa Agosti, mwaka tisini na mbili:
mita moja na sentimita ishirini na nne, yanapanda.
Nje, maji mengine kabisa
yanagonga ukuta uleule.

Limebaki onyo moja, la manjano.
Si kosa. Kompaila imetaja tu:
mstari wa mia nne na kumi na mbili,
kibadilika kimetangazwa, hakikutumika kamwe.
Jina lake *amparo*.

Asubuhi Oreste anasoma begani kwangu.
"Futa. Uchafu huo."
Nitafuta, namwambia.
Anakwenda kutundika koti,
nami nahifadhi faili kama lilivyo.