Nyumba Inauzwa, Oadby

Jumapili saa tano mlango uko wazi.
Filipa wa wakala ameweka mkate kwenye jiko jipya
ili nyumba inukie kama kuna mtu anaishi.
Nimevaa koti la harusi ya mdogo wangu,
nimeandika katika daftari la wageni: Shekue, mnunuzi.

Mnunuzi! Mfukoni nina nauli ya basi
na risiti ya brashi ambayo Garvin hajanirudishia.

Vyumba vinne, anasema Filipa. Bustani inapata jua la mchana.
Shule nzuri, dakika sita kwa miguu.
Mtaa uliotulia, majirani wa miaka na miaka,
hata ua wa miti umenyolewa mstari kwa mstari.

Yote kweli. Mimi ninayajua mengine.
Sakafu hii ya mbao si mbao.
Bi Pashley, aliyeishi humu miaka hamsini na mmoja,
alibandika karatasi za ukutani moja juu ya nyingine;
tulibandua ndege, maua, mistari, ndege tena,
na chini kabisa, kwa penseli, fundi wa kale
alikuwa amejumlisha ujira wake
na kumtukana tajiri aliyemkata.
Nilicheka peke yangu juu ya ngazi.

Halafu kile chumba kidogo cha juu, kinachotazama barabara.
Ukuta ulikuwa unatoka jasho.
Nilibonyeza, kidole kikazama kama kwenye boga bovu.
Nikamwita Garvin, nikamtafsiria, vibaya vibaya:
usipoziba ufa utajenga ukuta.
Akasema, methali nzuri. Basi ziba.
Ukuta watajenga watakaonunua.

Nikaziba. Nikapiga mikono mitatu ya rangi
ambayo jina lake kwenye kopo, nikilitia Kiswahili,
ni Ukungu wa Alfajiri.
Ukungu juu ya ukungu.
Lugha yangu ilinicheka kabla sijashuka ngazi.

Kwa nini nimekuja leo? Sijui.
Labda aliyefunga kidonda
hurudi kutazama kama damu imepenya.

Wanaingia kina Solanki: Jignesh na futi ya kupimia,
Urvashi, mimba ya miezi saba, mkono kiunoni,
anapanda moja kwa moja hadi chumba kile.
Hapa, anasema. Hapa kitanda cha mtoto.
Nyuma yake mama mkwe, sari chini ya koti zito,
hatazami taa, hatazami dirisha.
Anatazama kucha zangu.

"Wewe hununui," ananiambia.
Kwa Kiswahili! Kiswahili cha Mwanza, cha duka la vitambaa,
kilichofungwa sandukuni mwaka sabini na moja
na nondo hawajakigusa.
"Wewe fundi. Rangi haitoki kwenye kucha."
Kisha anaweka kiganja ukutani,
taratibu, kama anayepima homa.
"Huu unalia?"

Filipa anatutabasamia sote.
Garvin bado ameshika ujira wangu wa wiki mbili.
Kodi ya chumba changu ni tarehe moja.
Urvashi anageuka, tumbo lake linagusa kiwiko changu,
anaomba radhi.

"Nyuma ya radiata," nikasema. "Chini. Kushoto."

Mama hakuitikia. Alijipangusa kiganja kwenye sari,
akashuka, akaomba kipande cha mkate.

Machi. Basi la ghorofa linapita mtaa ule, nimekaa juu.
Kibao kimebadilishwa: Imeuzwa.
Hakisemi kwa nani, wala kwa bei gani.
Garvin hakunilipa; si mara ya kwanza.
Baridi inakata masikio, nyumba zote zimejifunga,
ila kile chumba kidogo cha juu.
Dirisha nililolipaka mpaka likagandamana na fremu
mtu amelizungushia kisu, pembe hadi pembe,
akalifungua lote.