Mafuta ya Mwenye Nyumba

Mamangu Mwanamkuu aliamka Jumatano
hawezi kushika mwiko.
Vidole vimegoma, magoti yamekunjika,
na karai la mahamri pale Kuze
likalala kifudifudi siku tisa.

Mimi kazi yangu ni maabara, Tudor,
ghorofa ya pili, feni moja, mbovu.
Nilimtoa damu mwenyewe, nikaiandikia namba
kana kwamba simjui.

Jioni akaniuliza:
“Huyo kirusi wenu yuwala nini?”

Hali, mama.
Ni uzi mmoja wa maneno, umekunjwa.
Hana jiko, hana hata tone la mafuta ya kwake.
Na seli yako, kila seli,
imezungukwa na utando wa mafuta,
safu mbili, mikia kwa mikia:
vichwa vyaelekea maji, mikia yayakimbia.
Akiingia, ukuta haubomoi.
Ausukuma, aufurisha,
autoa vifuko vyenye shingo nyembamba,
na humo, walinzi wa mwili wasimwone,
aketi ajinakili
neno kwa neno, upesi upesi, kwa makosa mengi.
Mafuta yasipokuwa sawa, kifuko hakisimami.

Mama kimya. Akaliangalia karai.
“Basi ni kama hamri,” akasema.
“Mafuta yakiwa baridi halifuri,
layanywa tu, likalala.
Yakizidi moto laungua nje, ndani bichi.
Kufura kuna kipimo chake.”

Miaka minne chuoni
hakuna aliyeniambia hivyo.

“Sasa si mumnyime hayo mafuta?”
Wako wanaojaribu, mama.
Lakini mafuta ni yako wewe.
Kumnyima yeye na usijinyime,
hapo ndipo penye kazi.

Akacheka, kisha akashika goti, kucheka kwamuuma.
“Mpangaji gani huyu! Hakuja na jiwe,
ajenga kwa chokaa yangu,
na akihama, bila shaka, achukua na kanzu.”

La kanzu sikuwa nimemwambia:
kwamba hutoka amejifunga
kipande cha utando uleule.

Uani, pipa la maji halina kifuniko.
Nikalifunika kwa sinia.
Kisha nikampashia mafuta ya nazi, nikamkanda magoti,
polepole,
mafuta yasiyofika huko ndani,
na sote wawili twajua.